Mshono wa ganda la limau unapokataa: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Kishono kifupi, kishono kirefu, kifupi, kirefu, hadi mwisho wa mstari. Ukigeuza kazi unarudia yale yale, ila safari hii kifupi kinakaa juu ya kirefu, na kirefu kinakaa juu ya kifupi. Mshono wa ganda la limau ni huo tu. Hauruki vishono, haurudi mistari ya nyuma, wala hauna ruwaza ndefu ya kukariri. Ndiyo maana mtu akishajua mnyororo na vishono vya msingi vya kroshia, mshono wa kwanza wenye vinundu ninaompendekezea ni huu.

Lakini kwa sababu maelekezo yake huisha kwa sentensi mbili, wanaoanza huachwa peke yao mambo yanapoharibika. Kitambaa kinatoka na nguzo za wima badala ya vinundu. Au kinaanza kikiwa mraba na kuishia pembetatu. Mtu anafumua, anaanza upya, kosa linarudi pale pale, na mwisho anahitimisha kwamba mkono wake haukuumbiwa kazi hii. Mara nyingi mkono hauna hatia. Matatizo mengi ya mshono huu yanatokana na hesabu ya vishono na kutosoma mstari uliopita, na yote mawili huacha alama kwenye kitambaa. Ukijua kuzisoma alama hizo utajua kosa lilifanyika mstari gani, na mara nyingi hata kwenye kishono gani.

Kitambaa kilicho sawa kinaonekanaje

Huwezi kutambua ugonjwa kama hujui uzima. Chukua uzi laini wa unene wa wastani, wa rangi nyepesi isiyochanganyika, na sindano ya kroshia ya milimita 5 au 5.5. Fuma mnyororo wa viungo 21. Kishono cha kwanza kiingie kwenye kiungo cha pili kutoka kwenye sindano, nacho ni kifupi. Kinachofuata ni kirefu. Endelea hivyo hadi mwisho na utapata vishono 20, yaani jozi 10, na kishono cha mwisho kitakuwa kirefu. Fuma kiungo kimoja cha mnyororo, geuza kazi, kisha weka kishono kifupi juu ya kile kirefu ulichomalizia.

Hapo kuna mambo mawili ya kushika. Idadi ya vishono ni shufwa daima. Na kila mstari, bila kujali ni wa ngapi, huanza kwa kifupi na kuishia kwa kirefu. Kile kiungo kimoja cha kugeuzia hakihesabiwi kuwa kishono.

Kishono kirefu ndicho kinachofanya kinundu. Kimebanwa kati ya vifupi viwili, hakina nafasi ya kusimama wima kwa urefu wake wote, basi kinajikunja kidogo na kutokeza tumbo nje. Mstari unaofuata matumbo hayo yanahamia kwenye nafasi zilizokuwa za vifupi. Yakipishana hivyo mstari baada ya mstari, unapata uso wenye vinundu vidogo vilivyotawanyika sawasawa, na pande zote mbili za kitambaa hufanana. Fahamu pia kwamba mstari wa kwanza hauonyeshi lolote. Wa pili nao unaweza kuonekana kama fujo. Usihukumu kazi kabla ya mstari wa nne.

Ninaposema kifupi, namaanisha kile ambacho unaingiza sindano, unavuta uzi, unabaki na vitanzi viwili, kisha unapitisha uzi kwenye vyote viwili kwa pamoja. Kirefu unakianza kwa kuzungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuiingiza. Ukishavuta uzi unakuwa na vitanzi vitatu. Unapitisha uzi kwenye viwili, kisha kwenye viwili vilivyobaki.

Dalili: nguzo za wima badala ya vinundu

Hili ndilo lalamiko kuu, na ndilo linalostahili muda wako mwingi. Ukiona virefu vimepangana juu ya virefu na vifupi juu ya vifupi, kitambaa kitakuwa na michirizi ya wima, kama mfereji na tuta. Mpangilio umehama nafasi moja. Swali ni wapi ulihama, na jibu liko mahali nguzo zinapoanzia.

Tandaza kazi mezani. Anza kwenye mstari wa juu kabisa ushuke mpaka uone mstari wa mwisho ambao bado una vinundu vilivyopishana vizuri. Sasa angalia mstari uliokaa juu yake moja kwa moja, ule wa kwanza wenye nguzo, na ujiulize nguzo zimeanzia wapi.

Ikiwa nguzo zimeanza tangu kishono cha kwanza cha mstari huo hadi cha mwisho, kosa liko ukingoni. Kuna njia mbili za kulifanya. Ya kwanza, uliacha kishono cha mwisho cha mstari uliotangulia. Mstari huo wenyewe utaonekana mzuri kabisa, ila una vishono 19 na umeishia kwa kifupi. Ulipogeuza na kuanza kwa kifupi kama ulivyofundishwa, ukakiweka juu ya kifupi, na mstari mzima ukafuata mkumbo. Ya pili, ulihesabu vizuri mstari uliotangulia lakini baada ya kugeuza uliruka kishono cha kwanza na kuingiza sindano kwenye cha pili. Hesabu mstari wa chini yake na utajua ni ipi: ukiwa na 19, kosa lilikuwa mwishoni mwake, ukiwa na 20, ni wewe uliyeruka mwanzoni mwa mstari wa juu.

Ikiwa nguzo zimeanzia katikati na kwenda hadi mwisho wa mstari, kosa liko pale pale zinapoanzia. Uliruka kishono kimoja, au uliweka viwili kwenye kimoja, au ulisahau zamu yako ukafanya vifupi viwili mfululizo au virefu viwili mfululizo. Hesabu itakutofautishia. Vishono 19 maana yake umeruka. 21 maana yake umezidisha. 20 kamili huku mstari ukiishia kwa kifupi maana yake ulirudia aina moja mara mbili. Hili la tatu hutokea hasa unapoinuliwa kichwa na mtu anayekuita, ukarudi kazini ukidhani zamu ilikuwa ya kifupi.

Halafu kuna hali inayowachanganya watu zaidi: hesabu ni 20, mstari umeishia kwa kirefu, lakini katikati kuna kiraka chenye nguzo na pande zake mbili ziko sawa. Umefanya makosa mawili yaliyofutana. Uliruka kishono mahali fulani, kisha baadaye ukaweka viwili kwenye kimoja. Kuhesabu peke yake hakutakuonyesha kosa hili, ni macho tu. Kwa sababu hiyo siwaambii wanaoanza wategemee hesabu pekee. Hesabu mwishoni mwa mstari, lakini kabla ya kila kishono tazama kile unachokikalia.

Na kama nguzo zimekuwapo tangu mstari wa pili, hukuruka chochote. Ulianza na mnyororo usiofaa, ukapata idadi witiri. Mstari wenye vishono 21 huanza kwa kifupi na kuishia kwa kifupi, kwa hiyo kila ukigeuza unaweka kifupi juu ya kifupi. Unaweza kufumua na kupunguza kishono kimoja. Au, ikiwa upana ule unauhitaji, acha idadi witiri lakini usiuamini mdomo wako unaoimba "kifupi, kirefu". Mstari ulio juu ya kifupi uanze kwa kirefu, baada ya kugeuza kwa viungo viwili visivyohesabiwa; mstari ulio juu ya kirefu uanze kwa kifupi. Vinundu vitapishana kama kawaida.

Namna ya kutofautisha kifupi na kirefu ukivitazama

Yote niliyoeleza hapo juu hayana maana kama vishono vyote vinaonekana sawa machoni pako, na kwa wiki za kwanza ndivyo vinavyoonekana. Tazama ukingo wa juu wa kazi. Kila kishono kina vitanzi viwili vilivyolala vikifanya umbo la V. Hivyo viko sawa kwa vifupi na virefu, kwa hiyo havikusaidii. Teremka chini ya V. Chini ya kishono kirefu kuna shina, na katikati ya shina hilo utaona uzi mmoja umekatiza kwa mshazari: ni ule uliouzungusha kwenye sindano kabla ya kuingia. Chini ya kifupi hakuna shina la kutajika. V yake imekaa karibu sana na mstari wa chini, na mshazari huo haupo.

Kama mwanga ni hafifu au uzi ni mweusi, tumia kidole gumba. Pitisha kidole ukingoni ukibonyeza taratibu. Kirefu kinabonyea na kusogea, kifupi kimekaza hakiendi popote. Baada ya muda kidole kitakuwa kinajua kabla ya jicho.

Unapoiacha kazi na kurudi kesho yake, fanya hivyo hivyo kwa kishono cha mwisho kilicho kwenye sindano. Kina mshazari? Basi zamu ni ya kifupi. Hakina? Kirefu. Huna haja ya kukumbuka ulipoishia, kwa sababu uzi wenyewe umekumbuka.

Dalili: kitambaa kinapungua upana

Mwizi wa vishono kwenye mshono huu ana anwani moja: kile kishono kifupi cha mwanzo wa mstari, ambacho unapogeuza kinakuwa cha mwisho. Kimekaa ubavuni mwa kiungo cha kugeuzia, mara nyingi kimekazwa kupita wenzake kwa sababu ndipo mkono ulipoanza, na V yake inalalia upande wa ukingo. Ukifika hapo kazi inaonekana imekwisha. Unageuza. Umeacha kimoja.

Dawa yake ni alama. Kila unapofuma kishono cha kwanza cha mstari, chomeka pini ya kufunga au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye vitanzi vyake viwili vya juu, papo hapo, kabla ya kufuma cha pili. Ukirudi upande huo, kishono chenye alama ndicho cha mwisho wako, na kinastahili kirefu. Ondoa alama, fuma, geuza, weka nyingine. Fanya hivyo kwa mistari ya kutosha mpaka jicho lizoee umbo la ule ukingo.

Kupungua kunaweza pia kutoka upande wa pili, na hasa kwa mtu aliyejifunza kufuma virefu vitupu kabla ya mshono huu. Kule alizoea kwamba viungo vitatu vya kugeuzia ni kishono cha kwanza, kwa hiyo akigeuza anaruka kishono kimoja. Mazoea hayo akiyaleta hapa atapoteza kishono kila mstari. Hapa kiungo cha kugeuzia ni ngazi tu ya kupandia. Kishono cha kwanza kinaingia kwenye V ya kwanza kabisa, ile iliyo chini ya ngazi hiyo.

Kuna mara nyingine upana unapungua huku vishono vikiwa 20 kila mstari. Hapo umekaza mkono kadiri unavyoendelea. Linganisha upana wa mistari ya mwanzo na ya sasa kwa rula. Tatizo hilo halitafutiwi kishono kilichopotea. Pumzika, legeza vidole, au panda sindano kwa nusu milimita ukianza sehemu mpya.

Dalili: kitambaa kinapanuka

Kinyume chake ni rahisi. Unafika mwisho, unafuma kishono cha mwisho vizuri, kisha unaona tundu jingine pale kwenye kiungo cha kugeuzia cha mstari uliopita na unaliingizia sindano nalo. Kiungo hicho hakifumwi. Ile alama niliyoitaja inatibu na hili pia, kwa kuwa ukishafuma kwenye alama hakuna kinachofuata zaidi ya kugeuza.

Dalili: vinundu havionekani, kitambaa kimekuwa bapa

Hesabu iko sawa, mpangilio uko sawa, lakini ukipitisha kiganja juu ya kitambaa husikii kitu. Angalia kwanza namna unavyomaliza kishono kirefu. Ukiwa na vile vitanzi vitatu, je, unapitisha uzi kwenye viwili kisha viwili, au unaupitisha kwenye vyote vitatu kwa mkupuo? Ukipitisha kwenye vitatu unapata kishono cha kati, kifupi kuliko kirefu. Kikiwekwa karibu na kifupi, tofauti ya kimo ni ndogo na hakibanwi vya kutosha kutokeza tumbo. Kitambaa hicho si kibaya, kina uzuri wake wa kimyakimya, ila si ganda la limau. Kosa hili ni la kawaida sana kwa watu wanaofuma haraka, na wao wenyewe hawaoni kama wanalifanya mpaka waangalie mikono yao kwa makini kwa mstari mmoja mzima.

Kama virefu vyako ni virefu kweli, angalia sindano. Ikiwa kubwa mno kwa uzi ulio nao, virefu vinapata nafasi ya kusimama wima na vinundu vinazama. Shuka nusu milimita na ufume kipande kipya cha majaribio, mistari 6 hivi, ulinganishe.

Kisha angalia uzi. Uzi wenye manyoya marefu hufunika vinundu vyote, na uzi wenye rangi zinazobadilika kila baada ya sentimita chache hulivuta jicho kwenye rangi likasahau umbo. Uzi mweusi nao unameza vivuli, na vinundu huonekana kwa vivuli vyake. Pamba iliyosokotwa vizuri, ya rangi nyepesi, ndiyo inayouonyesha mshono huu waziwazi kuliko zote nilizowahi kuona.

Ikiwa vinundu vilikuwapo kisha vikapotea baada ya kupiga pasi, na uzi ni wa akriliki, nasikitika kusema havirudi. Joto na mvuke huyeyusha umbo la nyuzi za akriliki na kulilegeza moja kwa moja. Kwa sufu bado kuna tumaini: ilowanishe kwa maji ya vuguvugu, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, itandaze kwa vipimo vyake bila kuivuta, uiache ikauke.

Dalili: matuta ya mlalo, au upande mmoja tofauti na mwingine

Mshono huu ukifumwa sawasawa hauna mbele wala nyuma. Ukiona mstari unaokatiza kitambaa kwa mlalo kama mkunjo, unaingiza sindano kwenye kitanzi kimoja tu cha V badala ya vyote viwili. Wengi hukosea hivi bila kujua kwa sababu ya pembe wanayoshikia kazi: kitanzi cha nyuma kinajificha, au cha mbele kinateleza. Inamisha ukingo wa juu uelekee kwako ili V yote ionekane, pitisha sindano chini ya vitanzi vyote viwili, na kabla ya kuvuta uzi hakikisha viwili hivyo viko juu ya sindano.

Dalili: matundu

Tundu moja moja katikati ya kitambaa kwa kawaida ni la kishono kilichorukwa, na nimeshaeleza namna ya kukipata. Tundu linaloonekana chini ya vishono vingi linatokana na kuingiza sindano katikati ya mashina mawili, chini kabisa, badala ya chini ya V. Kwenye mshono huu ni rahisi kuteleza hivyo, maana vinundu vya mstari wa chini vinasukuma mashina kando na kufungua nafasi inayofanana na mahali pa kuingilia.

Ikiwa kitambaa chote ni chepesi, kimelegea na kina nafasi nyingi, ingawa sindano ni ya kipimo kilichotajwa, kagua maelekezo unayoyafuata. Waingereza na Wamarekani hutumia vifupisho vile vile kwa vishono tofauti. Kishono kifupi ni sc kwa Mmarekani lakini ni dc kwa Mwingereza. Kirefu ni dc kwa Mmarekani na tr kwa Mwingereza. Kwa hiyo anayefuata maelekezo ya Kiingereza ya Uingereza akidhani ni ya Marekani atapandisha kila kishono ngazi moja, na vifupi vitakuwa virefu. Njia ya haraka ya kujua: ukiona sc kwenye maelekezo, ni ya Marekani.

Dalili: kitambaa kigumu kisichokunjika

Mshono huu ni mzito kwa asili na unakula uzi. Kwa mkeka mdogo, kishikio cha sufuria au kitambaa cha kusugulia, uzito huo ni faida. Kwa shali au nguo ni balaa. Lebo ya uzi hutaja kipimo cha sindano. Kwa mshono huu nakushauri uanzie nusu milimita juu ya hapo, na ukitaka kitambaa kinachoning'inia vizuri upande hata milimita nzima au zaidi. Kama sindano iko sawa na bado kitambaa ni kigumu, tazama jinsi unavyofanya vitanzi. Vinapaswa kukaa kwenye sehemu nene ya sindano, ile inayobeba kipimo. Ukivifanyia kwenye shingo nyembamba karibu na ndoano, unafuma kwa sindano ndogo kuliko iliyoandikwa.

Dalili: ukingo wa chini umejikunja

Kipande kimejipinda chini na kufunguka juu. Kosa liko kwenye mnyororo wa mwanzo, umekazwa kuliko mistari inayoufuata. Kwa bahati mbaya haurekebishiki ukishafika mstari wa 10, na kuvuta kwa mikono au kulowesha hakusaidii sana. Anza upya, ukifuma mnyororo kwa sindano iliyozidi kwa nusu milimita hadi milimita moja, kisha ubadilishe sindano unapoanza mstari wa kwanza.

Dalili: kingo za pembeni zina meno

Meno kidogo ni ya asili: kila ukingo una kifupi kwenye mstari mmoja na kirefu kwenye unaofuata, na tofauti hiyo ya kimo inaonekana kwa karibu. Ukimaliza kwa kufuma mzunguko mmoja wa vifupi kuzunguka kitambaa chote, yanapotea. Meno makubwa yenye vitanzi vinavyochomoza ni jambo jingine. Umegeuza kwa viungo viwili au vitatu badala ya kimoja, au kiungo chako kimoja kimelegea. Kifume, kisha vuta uzi kidogo kabla ya kuingiza sindano.

Kufumua, au kuacha?

Katika kufuma kwa sindano mbili unaweza kuteremsha kishono kimoja mistari kadhaa, ukakirekebisha na kukipandisha tena. Kroshia haina njia hiyo. Kosa la mstari wa 5 linafikiwa kwa kufumua yote yaliyo juu yake. Kwa hiyo uamuzi una uzito, na si kila kosa linastahili.

Kosa la hesabu nalifumua daima, hata kama ni mistari mingi nyuma, kwa sababu upana hauwezi kujirudisha na kila mstari utaurithi. Mpangilio uliohama kwa mstari mzima nao naufumua. Lakini vifupi viwili vilivyokaa pamoja kwenye mstari mmoja, au kiraka kidogo cha nguzo ulichokigundua mistari 8 baadaye, kiache ikiwa kipande ni cha mazoezi. Kwenye mstari unaofuata weka kifupi juu ya kirefu na kirefu juu ya kifupi kama kawaida, na vinundu vya jirani vitalimeza kosa kiasi kwamba mtu mwingine hataliona.

Ukifumua, kwanza chomeka pini kwenye kitanzi kizuri unachotaka kuishia, upande wa mwisho wa mstari ulio salama, kisha ndipo uvute. Pini itazuia uzi usiendelee kukimbia. Vuta kwa upole ukizungusha uzi kwenye bonge papo hapo. Ukirudisha sindano, hesabu mstari ulio juu, hakikisha kishono cha mwisho ni kirefu chenye mshazari wake, fuma kiungo kimoja, geuza, na uanze kwa kifupi. Uzi uliofumuliwa utakuwa umejikunja-kunja. Kwa mistari michache hauna shida, utanyooka ukifumwa na kufuliwa. Ukiwa mwingi, uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu mbili tatu usichanganyikane, uloweshe na uuache uning'inie mpaka ukauke. Uzi wenye manyoya marefu ni wa tahadhari, kwani nyuzi zake hushikana na kufumua kwa nguvu kunaukata. Fumua kishono kimoja kimoja, na pale unapokwama tumia mkasi mdogo kukata unyoya ulioshika, kamwe si uzi wenyewe.